Usingizi wa Matroni

Matroni alitujua kwa namba za vitanda. Majina yetu aliyasikia siku moja tu, siku ya kuripoti, mzazi akitia saini kwenye daftari, na baada ya hapo hakuyatumia tena. Mimi nilikuwa Kumi na Nne. Nimezeeka nikiwa Kumi na Nne. Nilipokuwa tayari muuguzi wa miaka hamsini, mwenye miguu inayovimba kila jioni, bado aliniita kutoka ng'ambo ya ua, "Kumi na Nne, umekula?" na majirani wapya pale Awendo walidhani hiyo ndiyo namba ya nyumba yangu.

Alizaliwa wapi na kwa nani, wapo wanaojua. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilimkuta akiwa Matroni wa bweni katika shule ya wasichana ya Kiadventista, iliyozungukwa na miwa pande zote, na alipokufa alikuwa bado Matroni ingawa alistaafu kitambo.

Siku ya mazishi yake kila aliyepewa maikrofoni alisimulia kisa kile kile cha lori la miwa. Jinsi alivyombeba mgongoni msichana aliyekuwa anakufa, kutoka bwenini hadi barabara kuu, akasimama katikati ya lami mikono juu mbele ya lori lililojaa miwa, akamlazimisha dereva amwage nusu ya mzigo ili apate mwendo wa kufika hospitali. Mchungaji akaomba msichana huyo asimame aonekane. Nikasimama. Watu wakanipigia makofi kwa kuwa hai, nikakaa.

Kisa hicho ni cha kweli. Kasoro yake ni kwamba kinaanzia katikati. Mwanzo wake niliusikia miaka mingi baadaye kwenye meli mpya ya starehe iliyoanza kubeba watalii kutoka gati la Homa Bay, na mazishini sikuusema. Nauandika hapa kwa sababu nimechoka kupigiwa makofi.

Nianze na mikono, maana ndiyo iliyomwingiza mlangoni kabla ya mwili. Ilikuwa mikubwa, mikavu, yenye harufu ya sabuni ya mche, na ilijua kazi moja kuliko zote: kutandika. Kona za shuka alizikunja kama bahasha, akazisukuma chini ya godoro kwa upande wa kiganja, na kitanda ambacho kona zake hazikumridhisha alikivua chote na kukiacha uchi mwenye kitanda akitazama. Alikagua kila asubuhi. Alipita katikati ya bweni na bunda la funguo, akigonga chuma cha kila kitanda, na maneno yake hayakubadilika karibu miaka yote minne niliyokaa pale. "Mko wote?" Tunajibu tuko wote. "Hakuna aliyekufa?" Tunajibu hakuna. "Basi. Vitanda."

Tulicheka kwa hayo maneno ya kufa. Tuliyaigiza likizoni mbele ya ndugu zetu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mzima aulize swali kama hilo kila siku ya Mungu.

Ukiugua kwake, ugua mapema. Hivyo ndivyo alivyosema: "Kama unaugua, ugua mapema, usiniletee ugonjwa umeshakomaa." Ukienda kwake saa moja jioni na kichwa kinachouma kidogo tu, alikupa dawa, uji na blanketi la ziada. Ukienda baada ya siku tatu, alikugombeza huku akikupangusa uso.

Alikuwa mkali na hakuwa mkali. Miwa ilikuwa haramu bwenini, kwa sababu ya sisimizi, na aliyekamatwa na kipande aliosha choo wiki nzima. Lakini nyuma ya bafu kulikuwa na ngazi tatu za saruji, na Jumapili alasiri ungemkuta pale amekaa, sketi kati ya magoti, anamenya muwa kwa meno kama mtoto wa darasa la pili, makapi yamejaa kwenye karai. Sote tulijua. Tulipita mbali ili asilazimike kutuona.

Kulikuwa na msichana wa Ogwedhi, kule kwenye soko la ng'ombe mpakani na Narok, ambaye muhula wa kwanza hakulala. Alisema bweni liko kimya mno, nyumbani alizoea kusikia ndama. Matroni hakumpeleka kwa mshauri wala kwa mwalimu mkuu. Alimchukua kila Alhamisi jioni hadi zizi la shule, wakakaa pale nusu saa wakisikiliza ndama, kisha akamrudisha. Mwingine alifika kutoka Kehancha bila godoro. Matroni akampa la kwake, na yeye akalalia magunia hadi likizo. Hilo tulikuja kuligundua kwa bahati mbaya, tulipotumwa chumbani kwake kuchukua ndoo.

Usingizi wake ndio uliokuwa kitu cha ajabu. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri, kila siku, akiwa mzima au mgonjwa. Mchana hakulala kabisa. Sabato baada ya chakula, shule nzima ilipoamriwa ikapumzike, na yeye mwenyewe akitusomea kwa sauti amri ya nne kwamba siku ya saba ni ya kupumzika, mtu na mgeni na mnyama, alitoa kiti chake nje ya mlango wa chumba chake akakaa wima hadi saa kumi na moja. Wasichana walioingia kabla yangu walisema zamani hakuwa hivyo. Zamani, walisema, masaa hayo ya Sabato mchana ndiyo yalikuwa yake peke yake, akifunga mlango, na ole wake atakayebisha. Niliyasikia hayo na sikuyapa uzito.

Alipostaafu alipata nyumba ndogo Awendo, karibu na barabara ya kiwandani, na mimi nilikuwa nimepanga nyumba ya pili kutoka hapo. Kazi yangu ilikuwa Migori mjini. Alizijua zamu zangu kuliko nilivyozijua. Nikirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku nilikuta chupa ya chai mlangoni na kiazi kitamu kimefungwa kwa kitambaa. Kisha nikijilaza, yeye alileta kigoda chake akakaa nje ya mlango wangu. Nilimsikia nikiwa katikati ya usingizi, akiwafukuza wenye redio, wauza omena, watoto wa jirani, hata mume wangu enzi zile nilipokuwa na mume. "Amechoka. Mwache." Hakupaza sauti. Alisema maneno hayo mawili tu, na mtu aliondoka. Miaka kumi na tano nililala mchana nikilindwa na mwanamke ambaye mwenyewe hakulala, na nilidhani ni upendo tu.

Habari ya meli ilianzishwa na Tisa. Tisa sasa ni hakimu, lakini kwetu ni Tisa, kitanda cha pembeni karibu na dirisha bovu. Aliona picha za meli hiyo kwenye simu, ghorofa tatu, nyeupe, akasema tumechangia mazishi ya kutosha, sasa tumchangie Matroni angali hai. Tukakusanyika wasichana kumi na mmoja wa zamani, sote wanawake wazima wenye miwani na shinikizo la damu, tukachukua vyumba vya safari ya siku mbili: kupanda Ijumaa mchana, kuzunguka visiwa, kurudi Homa Bay Jumamosi saa kumi.

Nilimpelekea habari mimi. Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuuliza meli ni kubwa kiasi gani wala inaenda wapi.

"Hiyo meli iko na kengele?" akauliza.

"Ya nini, Matroni?"

"Ya kuamsha watu."

"Ni starehe, Matroni. Mtu analala anavyotaka."

Akaweka ungo chini. "Mimi nataka kitu moja tu kabla sijaenda kwa Mungu. Nilale mpaka niamke mwenyewe. Si kuamshwa na kengele, si kuamshwa na mtu, si kuamshwa na roho yangu. Niamke mwenyewe tu, kama paka." Akarudia kupepeta. "Kama hapo kwa maji inawezekana, nitaenda."

Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza itakuwaje asafiri siku ya Sabato. Akamjibu kwamba yeye hasafiri. "Mimi nitapanda Ijumaa jua likiwa juu, nilale. Meli ndio itasafiri. Hiyo ni dhambi ya meli."

Basi tukapanda. Kwa kuwa watu huniuliza ilikuwaje, nitasema: meli mpya inachosha kuliko wodi. Wodini hakuna anayekudai ufurahi. Kule, kila hatua kuna kijana mwenye fulana nyeupe anayekuuliza kama unafurahia, na huwezi kumwambia mgongo unauma. Kulikuwa na harufu ya rangi na gundi, viti vingine bado vilikuwa na nailoni miguuni. Vioo vilikuwa kila mahali, nami sikuwa nimejiona kutoka nyuma kwa miaka mingi, wala sikuwa nimekosa kitu. Tulichelewa kuondoka kwa sababu magugumaji yalikuwa yamejaa gatini usiku mmoja, na meli yote hiyo ya fahari ikasubiri wanaume wawili wenye mtumbwi na mapanga waifungulie njia. Hatimaye tukajongea, mlima Asego ukabaki nyuma yetu, na wote wakatoa simu.

Matroni hakutoa simu. Alikuwa amekuja na begi moja, na ndani yake mayai ya kuchemsha, viazi, Biblia na shuka zake mwenyewe. Mlango wa chumba chetu, maana nililala naye, ulifunguliwa kwa kadi, akaigeuza kadi mara mbili akaniambia nyumba inayofunguliwa kwa karatasi si nyumba ya kuachia kitu. Kisha akakiona kitanda. Akainua ukingo wa shuka kwa kidole.

"Huyu aliyetandika alikuwa na haraka."

Mhudumu alikuwa bado mlangoni, msichana mwembamba wa Kehancha mwenye macho mekundu. "Ni mimi, nyanya. Sori."

"Uliamka saa ngapi?"

"Saa tisa, nyanya. Tuko wachache na rumu ni nyingi."

Matroni akamtazama muda. "Saa tisa. Basi si makosa yako." Akamsalimia kwa Kikuria, msichana akacheka kwa mshangao, na kwa dakika kumi zilizofuata wakatandika vitanda vyetu viwili pamoja, Matroni akimwonyesha kona. Hayo ndiyo mapumziko aliyoanza nayo.

Jua lilipozama tukajibana wote kumi na wawili chumbani mwetu, tukakaa vitandani, tukafungua Sabato kwa wimbo. Akapanda kitandani saa tatu. Akaniambia, "Kumi na Nne, kesho usiniamshe."

Asubuhi saa kumi na mbili mpishi alipiga kengele ya chai. Ilikuwa kengele ndogo ya shaba iliyotundikwa karibu na jiko, ya urembo zaidi ya kazi, na aliigonga mara mbili tu. Mimi nilishtuka nikajikuta nimeshasimama, nimeshika ukingo wa shuka, macho bado yamefumba. Kitanda cha Matroni kilikuwa kitupu na kimetandikwa. Kutoka nje nikasikia funguo za nyumba yake ya Awendo zikigonga mlango mmoja baada ya mwingine.

"Vitanda! Nyiri, wasichana, vitanda!"

Nilipotoka waliokwisha kutoka walikuwa wamesimama kwenye ujia mrefu wenye zulia, kila mmoja kulia kwa mlango wake, mikono ubavuni, kidevu juu. Tisa alikuwa na wavu wa nywele na soksi moja. Mzee mmoja wa Kisii, abiria ambaye hata hakuhusika, alikuwa amesimama wima na fulana ya ndani, hajui kwa nini. Nami nikasimama.

"Mko wote?"

"Tuko wote, Matroni!"

"Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, Matroni!"

Alivuta pumzi aseme lililobaki, kisha akaliona zulia. Akaziona taa za ukutani, na mzee na fulana yake. Funguo zikanyamaza mkononi. "Yawa," akasema polepole, "nimefanya nini."

Tulicheka hadi Tisa akakaa chini. Mzee wa Kisii alicheka pia, akasema hajaamshwa vizuri namna hiyo tangu jeshini. Matroni hakucheka. Alirudi chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda chake kilichotandikwa, akaitazama mikono yake. "Hata hapa," akasema. Nami kicheko kikaniisha.

Mchana, wakati wa chakula, kisa cha kengele kilikuwa kimeenea melini kote, na kisa kimoja huvuta kingine. Tisa, ambaye anapenda kusimama mbele za watu, aligonga glasi kwa kijiko akawaeleza wageni wote huyu mama ni nani. Akatoa lori la miwa lote, na lami, na mikono juu. Akanionyesha mimi. Nahodha alikuja kutoka juu na kofia yake, akampa Matroni mkono, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Matroni alikuwa na kipande cha samaki, ngege, kwenye uma. Akakirudisha kwenye sahani. Makofi yalipoisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Nipandishe juu. Nataka upepo."

Tulikaa sitaha ya juu, upande wa kivuli, kisiwa cha Takawiri kikipita taratibu mbele yetu na mchanga wake mweupe. Akauliza bila kunitazama, "Ile Sabato ulibisha mara ngapi?"

Hakuhitaji kueleza Sabato ipi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, mgeni wa wiki ya tatu bwenini. Tumbo lilinianza wakati wa ibada, na baada ya chakula, wakati wa mapumziko, nikaenda kwake. Nikabisha. Kiranja wa bweni akatoka akaniambia, Matroni amechoka, mwache alale, nenda ukanywe maji. Nikaenda kwenye tangi la maji, na sikuinuka tena hapo hadi nilipojikuta mgongoni mwake.

"Sikumbuki," nikasema. "Mara moja."

"Mara mbili. Ulibisha, ukanyamaza, ukabisha tena. Kwa kiganja. Wengine wote walikuwa wanabisha kwa vidole. Wewe peke yako kwa kiganja. Nilijua ni wewe."

Nikakitazama kiganja changu.

"Nikavuta leso kichwani," akasema. "Nikasikia kiranja akikuambia nimechoka. Nikamshukuru. Nikasema saa moja tu, nitamwona baadaye. Nyathina, aol. Nilikuwa nimechoka."

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniita nyathina, mwanangu. Wala sikuwahi kumsikia akisema kwamba amechoka, kwa lugha yoyote.

Nilijisikia nikiuliza swali la kiuguzi. "Ukaamka saa ngapi?"

"Sikulala. Hiyo ndio ubaya yake. Sikulala hata kidogo. Nilikaa hapo na leso kichwani mpaka saa kumi na moja, nikisikiliza kama utarudi."

"Ni zamani, Matroni."

"Zamani si jibu." Akanigeukia sasa. "Na watoto hukupata."

Hilo hakuna mtu aliyekuwa amelisema mbele yangu kwa Kiswahili wala Kijaluo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka nilipofika mezani kwa daktari, usaha umejaa, nilikaa wodini wiki tatu. Baadaye, nilipoolewa na miezi ikawa miaka, madaktari hawakusema ni kwa sababu hiyo, na hawakusema si kwa sababu hiyo. Mume alisubiri kiasi alichoweza. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua masaa matatu ni mengi kiasi gani kwa tumbo la namna ile.

Nikainuka nikamwacha. Nilikwenda upande wa pili wa meli, wenye jua, nikashika chuma cha moto. Nilikasirika. Sitalipamba. Nilimkasirikia kwa ajili ya leso, na kwa ajili ya chai zote za mlangoni, na kwa kile kigoda. Miaka kumi na tano amekaa nje ya mlango wangu akinilipa deni ambalo sikujua namdai, nami namshukuru. Nilitamani meli igeuke wakati ule ule tufike nyumbani kila mtu afunge mlango wake.

Lakini nimekuwa muuguzi miaka ishirini na saba. Nimewahi kumsikia mgonjwa akiita kutoka kitanda cha mwisho, wakati ambao nilikuwa nimekaa kwa mara ya kwanza tangu zamu ianze, viatu nimevua, na nikajiambia atanyamaza tu. Akanyamaza. Sijamwambia mtu, na hata hapa sisemi alinyamazaje. Najua uzito wa mwili saa ile. Si uvivu na si roho mbaya. Ni mwili kukataa, na wewe kuukubalia mara moja. Nilisimama pale hadi mikono ikaniuma kwa joto la chuma, na hasira haikuisha, lakini ikakosa mahali pa kwenda.

Nikarudi. Alikuwa pale pale, Biblia magotini haijafunguliwa.

"Twende ukalale," nikamwambia.

"Saa hii?"

"Ni saa nane. Ni Sabato mchana."

Alielewa. "Na mtu akinihitaji?"

"Nitakaa mlangoni."

Nilimshika mkono kwenye ngazi. Chumbani akavua viatu, akajilaza juu ya shuka zake mwenyewe, nami nikamfunika leso hadi mabegani, si zaidi. Nilifunga pazia. Nikatoa kiti nje, nikakiweka kwenye zulia, nikaegemeza mgongo wangu mchovu kwenye mlango wake.

Tisa alipita na kelele zake. Nikamwambia, "Amechoka. Mwache." Akanitazama, akavua viatu, akavishika mkononi kama tulivyofunzwa bwenini, akaenda kuwaambia wengine. Kuanzia hapo hakuna aliyepita ujia ule na viatu miguuni.

Saa kumi meli ilifika Homa Bay. Ikapiga honi, nami nikauma meno, lakini ndani hakukusikika kitu. Abiria wakaanza kushuka na mabegi. Kisha akaja yule msichana wa Kehancha, shuka safi begani, ameinua mkono abishe. Niliudaka mkono wake kabla haujagusa mlango.

"Anti, sori," akanong'ona. "Wageni wengine wanaingia saa kumi na mbili na niko na rumu kumi na mbili. Supavaiza atanimaliza."

"Amelala."

"Nyanya wa kona?"

"Huyo."

Aliangalia mlango, akaangalia saa, na niliona machozi ya uchovu yakimlenga. Tisa akamnyang'anya shuka begani. "Leta zote," akasema. Hakimu mzima akaingia chumba cha kwanza, na wengine tisa wakagawana vilivyobaki, na kwa nusu saa sikusikia kitu ila shuka zikikung'utwa na pumzi za wanawake wanene wakiinama. Supavaiza alipokuja, amekunja uso, alifungua mlango mmoja, wa pili, wa tatu. Akainua ukingo wa shuka kwa kidole. Akaniuliza ni nani aliyewafunza. Nikamwonyesha mlango nyuma yangu, kisha nikaweka kidole mdomoni, naye akaondoka kwa ncha za vidole.

Saa kumi na moja na robo nikasikia kitanda kikisogea. Nilingoja. Kiliposogea tena nikaingia.

Alikuwa amelala kwa ubavu, macho wazi, alama ya mto imekaa shavuni. Kwa dakika moja hakujua yuko wapi, na haikumtisha.

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja na robo. Tumeshafika."

"Mko wote?"

"Tuko wote, Matroni."

"Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna."

Nilisubiri aseme vitanda. Hakusema. Alikuwa ananitazama usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ulibisha?"

"Sikubisha. Hakuna aliyebisha."

"Basi," akasema. Akavuta leso begani, akageukia ukutani. Nikatoka, nikarudishia mlango polepole, nikakaa tena kwenye kiti changu.